Usugu Uko kwa Bakteria, Si kwa Mgonjwa

Miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho huwa pia ni miezi ya kikohozi huku kwetu kusini. Vumbi lile huwasha macho, koo na njia za hewa, na mtu aliyeshinda shambani na bomba mgongoni bila kufunika pua hurudi nyumbani akikohoa hata kama hana maambukizi yoyote. Wengi hupitia duka la dawa, wakanunua vidonge vichache vya rangi mbili, wakapata nafuu kwa sababu vumbi limekwisha kifuani, kisha sifa zote wakaipa dawa. Nafuu ikichelewa msimu unaofuata, hapo ndipo husikika kauli ambayo sisi wa maabara tumeisikia kuliko zote: "Mwanangu, hiyo dawa mwili wangu umeshaizoea, niandikieni kali zaidi."

Nafanya kazi ya maabara mkoani Mtwara, na kauli hiyo nataka kuijadili kwa urefu kidogo, kwa kuwa imebeba kosa linaloharibu matibabu ya nimonia. Mwili wa mgonjwa hauizoei antibiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria. Anayebadilika ni bakteria. Mtu ambaye hajawahi kumeza amoksilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, maishani mwake anaweza kuugua kwa bakteria sugu aliyeambukizwa na jirani, na mwingine aliyeimeza mara nyingi anaweza kupata nimonia inayopona kwa amoksilini hiyohiyo. Ni kweli kwamba aliyetumia antibiotiki siku za karibuni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba bakteria sugu puani na kooni, kwa sababu dawa imewaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi waliobaki. Hata hivyo, swali la kuuliza si dawa ipi ni kali, bali ni bakteria gani aliyemo kifuani na dawa gani inamweza.

Anayeongoza kati ya bakteria wa nimonia inayopatikana mitaani ni Streptococcus pneumoniae, ambaye nitamwita nimokoki. Huyu huishi puani na kooni mwa watoto wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, na aina zake zinazotofautishwa kwa ganda lake la nje zinakaribia 100. Namna anavyoikwepa penisilini ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote katika habari hii. Nimokoki haivunji dawa. Anachofanya ni kubadilisha umbo la protini zile ambazo dawa huzishika wakati bakteria anajenga ukuta wake, na mabadiliko hayo huyapata kwa kuokota vipande vya vinasaba vya bakteria jamaa zake wanaoishi naye kooni. Huokota kidogo kidogo, na kwa hiyo usugu wake dhidi ya penisilini haufungi mlango kwa siku moja: hupanda kwa ngazi, na katika ngazi nyingi za chini dozi kubwa zaidi ya dawa ileile bado humshinda. Nimokoki walioshindikana kwa penisilini waliripotiwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1977, lakini amoksilini haijaondolewa katika tiba ya nimonia ya watoto hadi leo, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtoto mwenye nimonia isiyo kali sana miligramu 40 za amoksilini kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa vidonge vinavyoyeyuka katika maji. Mzazi anayepunguza kipimo ili chupa au pakiti iwatoshe watoto wawili anampa nimokoki kiasi kilekile ambacho amekwishajifunza kukivumilia. Kwa maoni yangu tumehubiri sana idadi ya siku na kusahau kiasi cha kila siku. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba siku chache huweza kutosha kwa nimonia nyingi za watoto, lakini hakuna anayesema nusu ya kipimo inatosha. (Siku ngapi, aamue aliyempima mtoto, si mimi wala jirani.)

Viwango vya maabara vya kuamua bakteria yupi ni sugu navyo vilibadilika kwa msingi huohuo. Mwaka 2008 taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vipimo hivi, CLSI, ilitenganisha nimokoki wa uti wa mgongo na wa sehemu nyingine za mwili, kwa sababu penisilini hufika kwa wingi mapafuni lakini kwa shida katika maji ya uti wa mgongo. Bakteria yuleyule anaweza kuandikwa "sugu" kwa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo na "anatibika" kwa mgonjwa wa nimonia.

Sasa tuje kwenye "dawa kali" inayosifiwa kuliko zote mitaani, yaani amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani. Kazi ya klavulani ni kuikinga amoksilini isivunjwe na kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitoa. Nimokoki hana kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayelipa bei ya juu ili kummaliza nimokoki kwa mchanganyiko huo amelipia ngao mahali pasipo na mishale. Kwa Haemophilus influenzae, bakteria mwingine wa nimonia, ambaye katika baadhi ya aina zake hutoa kimeng'enya, mchanganyiko una maana. Kwa Klebsiella pneumoniae, bakteria wa tatu, mambo ni magumu zaidi: huyo kwa asili hashindwi na amoksilini peke yake, na aina zake nyingine hutoa vimeng'enya vipana vinavyovunja hata seftriaksoni, sindano ambayo huku kwetu imekuwa jibu la kila homa. Vinasaba vya vimeng'enya hivyo hukaa katika viduara vidogo vinavyoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa jamii tofauti. Klebsiela huwapata zaidi watoto wachanga, wazee na waliolazwa muda mrefu au kuwekewa mashine za kupumulia, na katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 klebsiela asiyesikia dawa za kundi la meropenemu, antibiotiki za akiba kwa bakteria sugu, yumo katika daraja la hatari zaidi.

Tena kuna nimonia zisizo na bakteria kabisa. Utafiti uliofanyika katika nchi saba, Kilifi kwa majirani zetu Kenya ikiwa mojawapo ya vituo, ulitolewa mwaka 2019 na kuonyesha kwamba kwa watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia iliyoonekana kwenye picha ya kifua, virusi vilisababisha takribani asilimia 60 ya ugonjwa. Hapo antibiotiki, iwe kali au laini, haina wa kumpiga. Ugumu ni kwamba kwa macho tu si rahisi kuitofautisha nimonia ya virusi na ya bakteria, na mtoto anayepumua kwa kasi na kubonyea mbavu hawezi kuachwa asubiri hoja za maabara.

Na maabara ina mipaka yake. Mtoto mdogo hatoi makohozi, na damu ya mgonjwa wa nimonia huotesha bakteria kwa wachache tu, chini ya mmoja kati ya kumi. Majibu ya kuotesha na kupima dawa huchukua siku mbili hadi tatu, na vyakula vya kuoteshea bakteria havikai muda mrefu. Barabara ya Dar es Salaam ilipokatika maeneo ya Somanga, mkoani Lindi, kwa mvua za Mei 2024, kila aliyeagiza vitu vya maabara alielewa maana yake. Lakini mara nyingi sahani ya kuoteshea bakteria hubaki tupu kwa sababu nyepesi zaidi: mgonjwa alikwishameza antibiotiki kabla ya damu kutolewa, kiasi cha kuzuia bakteria wasiote lakini si cha kumponya.

Chanjo hufanya kazi ambayo dawa yoyote haiwezi. Tanzania ilianza kuwapa watoto PCV13, chanjo dhidi ya aina 13 za nimokoki, mwaka 2013, na aina za nimokoki zilizomo ndani yake ni pamoja na zile zilizokuwa sugu zaidi duniani. Afrika Kusini, iliyoanza na chanjo ya aina saba mwaka 2009, iliona maambukizi makali ya nimokoki sugu kwa penisilini yakishuka sana kwa watoto wadogo.

Simlaumu muuza duka la dawa muhimu kijijini. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takribani kilomita 200, na mahali pengine yeye ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Ninachokiomba kwake ni karatasi ndogo. Mgonjwa akishindwa kupona na kuelekezwa hospitali, aandikiwe jina la dawa aliyouziwa, kipimo na tarehe aliyoanza, au abebe pakiti tupu. Daktari akijua kwamba mtoto amekula amoksilini ya kipimo pungufu kwa siku mbili, ataisoma sahani yangu tupu kwa namna tofauti kabisa, na pengine atamrudishia amoksilini ileile kwa kipimo kamili badala ya kumkimbiza kwenye sindano.