Tramadoli nimeiacha kwa bamvua kumi na tatu, si kwa msokoto

Naandika hii kwa sababu juzi pale jeti kuna mtu amenishika bega akaniambia "afande, nasikia bangi ndo imekuponya mgongo." Hapana jamaani. Nilichokiacha ni tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, na nimeiacha kwa kushusha kidogo kidogo kila bamvua, yaani yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hiyo habari imenichosha, na wanaoieneza ni walewale walionipa ushauri mbaya miaka na miaka, kwa hivo leo nasema yote.

Nilikuwa jeshini miaka kumi na saba. 2016 tukiwa upande wa Lamu, gari letu likakanyaga bomu la kutegwa. Hiyo siku sitaisimulia, kuna wenzangu hawakurudi. Mimi nilitoka na mgongo, pingili mbili za chini zimepondeka, na mguu wa kushoto una moto unaoshuka kutoka kiunoni mpaka kidole gumba, usiku na mchana. Nikapasuliwa, nikaandikiwa tramadoli, nikastaafu nikarudi kwetu Malindi na bahasha ya vidonge mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kuwa ile dawa ni ukoo mmoja na mofini na huo unga, heroini, unaomaliza watoto wetu hapa mjini. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mguu wenyewe.

Mwanzo nilimeza viwili asubuhi viwili usiku. Mwili ukazoea, vikawa sita, vikawa vinane. Cheti kikaisha, nikapata duka halikuulizi cheti, kidonge shilingi ishirini, mara thelathini, inategemea na siku na uso wako. Kufikia mwaka jana nilikuwa nameza kumi kwa siku, yaani miligramu 500, na mwisho wa dawa hiyo kwa mtu mzima ni 400, ukipita hapo waweza kuanguka kifafa. Nilikuja kujua baadaye. Na maumivu yalikuwa palepale, wallahi, pengine yameongezeka.

Sasa ushauri. Wa kwanza ulikuwa "wewe ni mwanajeshi, kata mara moja." Nikausikiliza. Ijumaa baada ya swala nikavimwaga vyote chooni, nikajiona dume. Usiku nikaanza kupiga miayo, miayo mfululizo mpaka taya linauma, machozi yanatoka na silii, pua inachuruzika. Nikasema ni mafua ya kusi. Jumamosi jasho baridi, tumbo likafunguka, vinyweleo vimesimama mikono yote kama kuku aliyenyonyolewa, na miguu inajirusha yenyewe kitandani, mke wangu akahamia kwa watoto. Jumapili sikulala hata dakika, kichwani kuna kama shoti za umeme zinapita, nikatoka alfajiri nikakaa barazani na blanketi, Malindi hii, joto hili, na mimi natetemeka.

Akapita kijana mmoja wa mtaani, wale wanaookota vyuma chakavu, kila mtu anamjua kuwa ni teja na mimi mwenyewe nilishamfukuza pale mlangoni mara mbili. Akasimama. Akaniangalia mikono, akaniangalia macho, akaweka gunia lake chini.

"Baba, una arosto."

Arosto ni yale mateso ya mwili mtu akikosa unga. Nikamwambia mimi sijagusa unga maishani mwangu, toka hapa.

"Sijasema unga. Umeacha nini?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Ndo hiyohiyo, baba. Usiikate hivo, utaanguka."

Yule kijana alinisomea ugonjwa wangu kwa dakika moja, kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekifanya. Siku ile mke wangu alienda dukani mwenyewe, na nilimeza vitatu kabla maji hayajafika.

Ushauri wa pili ndo huu wa bangi. Mwenzangu tuliyekuwa naye kikosini akaniambia, kaka, Marekani na Kanada wastaafu wa jeshi wanapewa bangi badala ya hivyo vidonge, wewe wateseka nini? Mimi ni mtu wa msikiti, nilikataa miezi, lakini maumivu yakizidi mtu hujaribu. Akanipa msokoto, tukaenda kwenye nyumba moja haijamalizwa huko nje ya mji, tukakaa juu ya matofali. Nitasema ukweli: kama nusu saa hivi ule moto wa mguuni ulisogea mbali, ukawa kama wa mtu mwingine. Halafu moyo ukaanza kukimbia. Tuktuk ikapita barabarani ikapiga ule mlipuko wa ekzosi, na mimi nikajikuta chini nyuma ya matofali, kifudifudi, mchanga mdomoni, natafuta bunduki. Nilibaki pale mpaka magharibi. Mwenzangu ananiita jina simsikii. Na kumbuka tumboni nina vidonge kumi. Msokoto ule haujulikani una nguvu kiasi gani, umetoka wapi, umechanganywa na nini, na ukishikwa nao Kenya hii ni kosa, hakuna wa kumwambia "mimi mgonjwa". Hiyo si dawa. Hata kama mmea ni uleule.

Nasema hata kama mmea ni uleule kwa sababu ya jirani yangu. Ni mzee wa Kitaliano, naye alikuwa mwanajeshi kwao, ana mgongo kama wangu, anakuja Malindi kila mwaka baridi ikiingia Ulaya. Nilimsimulia, hakucheka. Akaniambia kwao bangi ya dawa inalimwa na jeshi lenyewe! Kuna kiwanda cha dawa cha jeshi mjini Firenze, wizara ya afya na ya ulinzi zilikubaliana 2014, inauzwa famasi kwa cheti cha daktari, na kwenye chombo imeandikwa nguvu yake, ile THC inayolevya ni asilimia 5 hadi 8 na ile CBD isiyolevya ni 7.5 hadi 12. Yeye anatumia matone usiku. Lakini akija huku anayaacha kwao, hataki matatizo, anavumilia na kuogelea. Tena akanambia kitu sikukitegemea: matone hayakumtoa kwenye mofini. Daktari wake alimshusha mofini kwanza, pole pole, karibu mwaka mzima.

Nikamwambia binti yangu anayesomea unesi anisomee haya mambo vizuri, manake mimi macho yamechoka na simu. Kanada ni kweli, serikali inawalipia wastaafu wao, ila 2016 walitangaza kushusha kutoka gramu 10 kwa siku hadi 3, zaidi ya hapo ulete barua ya daktari bingwa. Marekani sivyo watu wanavyosema, kwa miaka mingi daktari wa idara yao ya wastaafu hakuruhusiwa kuwaandikia bangi hata pale jimbo lilipoihalalisha, waliokuwa wanatumia walijinunulia. Kuna utafiti wa 2014 uliosema majimbo yenye bangi ya dawa yana vifo vichache vya opioidi, yaani dawa za ukoo huo wa mofini na tramadoli, huo ndo kila mtu anautaja. Lakini 2019 wengine wakarudia hesabu ileile kwa kuongeza miaka mpaka 2017, ikageuka, vifo vikawa vingi zaidi. Na 2021 kukatoka utafiti wa wastaafu wapatao 80 wenye kiwewe cha vita, wiki tatu wanavutishwa, waliopewa bangi ya kweli hawakuwashinda waliopewa isiyo na kitu ndani. Hayo huyasikii jeti.

Mimi sipingi, nieleweke. Naomba hata sisi huku ipimwe hivohivo, iwe na kipimo, iwe na daktari, mstaafu aweze kukaa na kuamua na mtu aliyesoma. Lesotho walianza kutoa leseni 2017. Kinachonikasirisha ni kumwambia mtu mwenye arosto "vuta hii" halafu unaenda zako.

Aliyenitoa ni daktari kijana, mstaarabu sana, ambaye hakunigombeza. "Mzee wangu, hatukati, tunashuka." Akanieleza kuna utafiti ulitoka 2018, wastaafu wa jeshi 240 huko Minneapolis, wote wa maumivu ya mgongo, nyonga au magoti, nusu wakapewa opioidi na nusu dawa za kawaida, mwaka ulipoisha wa opioidi hawakuwa na nafuu yoyote zaidi, tena maumivu yao yalikuwa juu kidogo. Nilikaa kimya pale. Miaka yote hiyo. Akasema punguza kimoja kila wiki mbili, akaniongezea amitriptilini kidogo usiku kwa ule moto wa mguu, na mazoezi ya mgongo.

Tatizo langu ni kuhesabu wiki. Nikiwa na maumivu najidanganya, naona wiki mbili hazijafika, au kesho nitashusha. Hapo ndo nikamkumbuka mjomba wangu mvuvi. Bamvua halingoji mtu wala halidanganyi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanajaa mpaka kwenye ukuta na yanatoka mpaka mwamba unaonekana, kila wiki mbili na kidogo. Nikasema basi, bamvua likifika nashusha kidonge. Nikiamka naenda ufuo wa Silversand kuangalia maji, nikiona mwamba umetoka wote uchi narudi nyumbani namwambia mke wangu "leo bamvua," naye anajua. Kwani vidonge vyote alikuwa navyo yeye, ndani ya kopo la halua, limefungwa na kamba ya mkonge kwa fundo lake mwenyewe, mimi siwezi kulifungua nikalirudisha vilevile. Nilijaribu bamvua la tatu. Alijua hapohapo. Hakusema kitu, alinionyesha fundo tu.

Maji mafu, siku za katikati ya bamvua maji yasipojaa wala kutoka sana, ndo nilikuwa naogelea, bahari imetulia, nasimama maji ya kifua natembea kwenda na kurudi nusu saa, uzito unatoka mgongoni wote. Isipokuwa mvua zikinyesha, mto Sabaki unaleta matope bahari yote inakuwa nyekundu, hapo nafanya mazoezi ya chini kwenye mkeka. Ikifika bamvua miayo inarudi siku mbili tatu, usingizi unakatika, kisha inapoa. Vilipobaki vitano tulizika mama mkwe, nikamwambia daktari siwezi, akasema kaa palepale mpaka bamvua linalofuata, si kosa. Usione aibu kukaa. Vilipobaki viwili akanibadilishia vya kukatika katikati nikashuka nusu nusu, na hizo nusu za mwisho ndo ngumu kuliko zote, usiamini anayekwambia mwisho ni rahisi. Wiki ya mwisho nililia kwa sababu ya chai kumwagika.

Bamvua la kumi na tatu sikumeza kitu. Gharama sikuandika, lakini nadhani pesa za vidonge vya miezi yote hiyo hazikufika nilizokuwa nachoma kwa miezi miwili ya duka lile.

Mguu bado unawaka. Zamani kwa kumi ningesema nane, saa hii nne, siku mbaya sita. Lakini nalala, na mke wangu amerudi chumbani. Yule kijana wa vyuma nilimtafuta, ilichukua wiki, nikamwomba msamaha wa mara zile mbili. Sasa anaenda kliniki ya methadoni, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, hapahapa Malindi kila asubuhi, siku nyingine namsindikiza kwa sababu njia yangu ya kwenda baharini ni hiyohiyo.

Kama kuna mstaafu mwenzangu yuko kwenye hivi vidonge, usimwage chooni. Daftari langu la bamvua ninalo, nimeandika kila siku nilivyojisikia. Baada ya alasiri niko pale jeti, njoo tulisome pamoja halafu nikupeleke kwa daktari.