Mtu akikupenda hahesabu

Tangu Jumamosi kuna maneno yananizunguka kichwani. Nayasikia nikipanga risiti kazini, nayasikia tumekwama Jogoo Road jioni, na kondakta akidai nauli nayasikia tena: "Dada, mtu akikupenda hahesabu."

Ni Kadogo, mdogo wangu, aliyeyasema. Tulikuwa City Market tukingoja samaki wetu aparwe magamba, akanisogezea simu nione mahali anapotaka kuvishwa pete. Paa la jengo fulani Westlands, mishumaa, taa zilizopangwa zikawa herufi, waridi zimemwagwa sakafuni, na mtu wa fidla pembeni. Mapambo peke yake, kabla ya pete na chakula: elfu themanini na tano. Nikauliza tu kama Mwalimu, mpenzi wake, ameiona hiyo bei. Hakukasirika. Angekasirika ningelala vizuri. Alinitazama kwa huruma, vile mtu humtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, ndipo akasema.

Huruma ile ndiyo iliyonichoma. Sisi tumelelewa na mtu wa kuhesabu! Kila mwisho wa mwezi Baba alikaa mezani na daftari la mraba: kodi, karo, unga, mafuta ya taa. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, "viatu K". Mstari huo ulihamishwa mwezi hadi mwezi mpaka viatu vikapatikana. Jumamosi nilitaka kumuuliza: yule naye hakukupenda? Muuza samaki akatuita, swali likabaki kooni.

Najua alikoyatoa. Tulinunua diski za filamu River Road, shilingi hamsini hamsini, tukazitazama hadi zikakwaruzika. Ile ya Julia Roberts na Richard Gere, Pretty Woman ya 1990, tuliijua kwa moyo: mifuko ya Rodeo Drive, na kadi ya bwana mmoja inayowafanya wauzaji wabadilike sura. Na zile nyingine, msichana ana kazi ndogo ofisini New York, nyumba yake ina madirisha hadi sakafuni, na hakuna siku mwenye nyumba anabisha. Tulikua tukiamini mapenzi hukaa mahali ambapo bei haisomwi.

Lakini J. F. Lawton alipoiandika hadithi ile, aliiita 3,000, dola ambazo yule dada, kahaba ndani ya hadithi, alilipwa na yule bwana kwa wiki nzima, na mwishoni hawaoani. Wanaachana vibaya, anabaki na rafiki yake ndani ya basi. Baadaye mwisho ukapambwa, na namba ikatoka kwenye jina. Pete nayo ni hivyo hivyo. De Beers, kampuni ya almasi, walianza miaka ya 1940 kutangaza kwamba almasi ni ya milele, na kufikia miaka ya 1980 matangazo yao Marekani yalikuwa yakimtajia mwanamume mshahara wa miezi miwili. Kwa hiyo kuna aliyehesabu. Aliupigia hesabu mshahara wa bwana harusi kabla huyo bwana hajapata mchumba.

Nilikuwa nimeshaandika haya yote kichwani, kwa hasira, Mwalimu akanipigia Jumatano usiku. (Mama alitolewa mtoto wa jicho Jumanne, salama kabisa, asanteni kwa maombi.) "Shemeji, nimeulizia mkopo pale sacco." Nikangoja. "Lakini nilitaka kukuuliza, yeye mwenyewe hupenda nini hasa?"

Hapo nikakumbuka kitu. Kadogo hakuwahi kurudisha nyuma pale pa mifuko. Alirudisha pale mwishoni, bwana anayeogopa kwenda juu anapopanda ngazi ya nje na maua mkononi. Alikuwa akisimama kabisa, karibu aguse kioo cha televisheni, akimwambia panda, panda. Nikamsimulia Mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, bila mzaha hata chembe, ngazi yenyewe ilikuwa ya ghorofa ngapi.

Nampenda kijana huyu. Habari ya mkopo sikuigusa, hiyo wataongea wenyewe wawili, na natumaini wataongea wakiwa na kalamu. Hasira sina tena.

Sasa kinachoninyima usingizi ni Jumatatu. Mama ana kliniki saa mbili asubuhi, bado hawezi kupanda matatu peke yake, na mimi nafunga hesabu za mwezi siku hiyo hiyo. Bosi hatoi ruhusa mwisho wa mwezi. Kadogo yuko zamu ya usiku mpaka saa moja. Nani atampeleka?