Kidole

Septemba 2021 nilikuwa na miaka 33, dereva wa kenta, nikipeleka ndizi za Tukuyu soko la Mwanjelwa mara nne kwa wiki. Damu chooni nilikuwa nimeanza kuiona mwaka mmoja nyuma. Zahanati niliyokwenda walisema bawasiri hata sijakaa sawasawa kwenye kiti. Kijana, dereva, anakaa kutwa, anakula pilipili. Itakuwa nini tena? Wakanipa vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa. Nilirudi pale mara tatu, na mara zote tatu sikuvua suruali. Nisidanganye, nilishukuru.

Aliyenikamata ni dada yangu. Alikuta nimetoboa mkanda tundu la tatu kwa msumari. Akauliza, nikamjibu bawasiri.

"Bawasiri ndiyo inakukondesha hivi? Kesho twende Mbeya."

Hospitali ya rufaa tukapangiwa daktari mwanamke, mdogo kuliko mimi. Nikaomba Mungu aitwe kwingine. Hakuitwa. Akauliza naenda haja mara ngapi, na nikimaliza, je, nahisi bado kuna kitu kimebaki? Nilishtuka, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na ndilo lililokuwa linanitesa. Nilikuwa naenda hata mara nane kwa siku kisha hakitoki kitu. Kuanzia Kiwira, Isongole mpaka Uyole, hakuna choo cha kulipia nisichokijua.

"Kaka, kuna aliyewahi kukupima kwa kidole?"

"Hapana."

"Lalia ubavu wa kushoto, vuta magoti kifuani."

Haikumaliza dakika moja. Alikuwa ananiongelesha habari za bei ya ndizi, nadhani ili nisikaze mwili, halafu katikati ya sentensi akanyamaza. Akavua glavu.

"Kuna uvimbe. Ni mgumu, na hauko mbali."

Hakutaka kuupa jina kabla ya kipimo cha kamera na kinyama kwenda maabara. Jina nikalitaja mimi: saratani. Nikamuuliza, si ya wazee hiyo? Akasema vijana wanaongezeka, na wengi hufika wamechelewa kwa sababu kila mtu, na madaktari wamo, huwaza bawasiri kwanza. Marekani mwaka uleule walishusha umri wa kuanza kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana kutoka 50 hadi 45. Nikapiga hesabu nikiwa bado nafunga mkanda: hata ningezaliwa huko, zamu yangu ilikuwa bado miaka 12.

Majibu yalikuja kuonyesha ni saratani kweli, imefika kwenye tezi za limfu za jirani, ini halijaguswa. Nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam: mionzi na vidonge kwanza ili uvimbe usinyae, kisu baadaye, na mfuko wa haja ninaotembea nao mpaka leo chini ya shati.

Lakini siku ile nilitoka tu nikamkuta dada kwenye benchi. "Amesema nini?" Dada aliyenibeba mgongoni, aliyenitawaza, nikashindwa kumtajia mahali. Nikasema, "Tumboni, huku chini." Simu ikaita, utingo wangu: ndizi zimeanza kuiva, wanunuzi wanatoa bei ya hasara, afanyeje? Nikamwambia auze. Nilikuwa nimekaa kwa tako moja, upande upande, vilevile nilivyoendesha kenta mwaka mzima nikidhani kiti ndicho kibovu.