Taya langu na popoo

Ndugu zangu, miezi minne sasa sijauma embe. Chapati naikunja mpaka iwe nyembamba, kisha naipenyeza kwa kidole.

Nilianza na tambuu ya Kariakoo, jani lililofungia popoo (kokwa ngumu ya kutafuna) na chokaa, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na miaka 19. Baadaye vikaja vipakiti vya popoo, natafuna kutwa. Kwanza pilipili ikawa inaniunguza kuliko kawaida. Halafu mashavu yakakakamaa. Ukipapasa kwa ndani unakutana na nyuzi ngumu kama kamba.

Kilichonipeleka kwa daktari ni maumivu mbele ya sikio. Nilidhani ni sikio lenyewe. Akaniambia nisimamishe vidole vitatu kati ya meno ya mbele. Kiliingia kimoja na nusu. Akanieleza kwamba nyama ya mashavu ikikakamaa, taya halishuki wala halitelezi mbele vizuri. Misuli ya kutafunia inavuta bila kupumzika, na kile kiungo kinacholishikilia taya kwenye fuvu kinaelemewa.

Nimeacha. Asubuhi na jioni napanga vijiti vya aiskrimu kati ya meno, naongeza kimoja kimoja. Mwezi uliopita 12, jana 14. Ugumu wenyewe hauondoki kirahisi, na popoo huleta saratani ya kinywa, kwa hiyo kliniki sikosi.

Mdogo wangu, najua una kipakiti mfukoni. Leo kabla hujala, simama mbele ya kioo ujaribu vidole vitatu, halafu unipigie. Nakusubiri.