Kujenga upya baada ya mafuriko: kumbukumbu ya nyumba ya matofali ya udongo-saruji

Mradi ni nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4, kwenye kiwanja kilichopitiwa na mafuriko. Masharti ni matatu: kifusi kichambuliwe kabla ya kutupwa, tofali lisichomwe kwa kuni, na kazi yote iweze kurudiwa na majirani kwa mashine moja ya mkono wanayopokezana.

Udongo

Tope lililoachwa na maji linashawishi, maana liko tele na lazima lizolewe. Peke yake halifai. Ni laini kupita kiasi, limebeba mboji na uchafu wa vyoo, na mboji huzuia saruji kushika. Tumechimba pembeni, pasipofikiwa na maji. Tumeondoa sentimita 40 za juu na kuchukua udongo ulio chini yake.

Kipimo cha chupa kinakupa picha ya haraka. Jaza theluthi ya chupa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha itulie. Mchanga hukaa chini upesi, udongo wa mfinyanzi huchukua siku nzima. Ila mfinyanzi huvimba majini, kwa hiyo usomaji wa chupa huwa umezidi kidogo. Kiasi cha saruji tumekiamua kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kilichopakwa mafuta ndani. Unakijaza udongo wenye unyevu, unakiacha kivulini siku 7, kisha unausukuma udongo wote upande mmoja na kupima pengo. Pengo chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Milimita 15 hadi 30, 1 kwa 16. 30 hadi 45, 1 kwa 14. 45 hadi 60, 1 kwa 12. Letu limesoma 26. Likipita 60, ongeza mchanga na upime tena. Kumwaga saruji zaidi kwenye mfinyanzi mtupu ni hasara tu.

Kufyatua

Mashine ni ya ukoo wa CINVA-Ram, mashine ya kushindilia tofali kwa mpini wa mkono, iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Kasha letu linatoa tofali la sentimita 29 × 14 × 10.

Udongo unachekechwa kwa wavu wa milimita 5. Mkorogo mmoja ni ndoo 16 za lita 10 za udongo kwa ndoo 1 ya saruji, zote zikiwa zimekatwa juu kwa ubao. Hutoa matofali 25 hivi, na lazima yaishe ndani ya nusu saa, au dakika 45 ukichelewa sana. Ndiyo maana hatukorogi mfuko mzima. Mkorogo uliokwisha kuanza kushika ukiuongezea maji unalainika, unafyatuka vizuri, na tofali lake linameguka baadaye.

Changanya pakavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa kopo lenye matundu. Hapa ndipo tofali linapoharibika. Finyanga donge, liachie kutoka mita 1 kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, unyevu umefika. Likisambaa kuwa vumbi, bado kavu. Likibaki bonge lililobonyea, maji yamezidi, na tofali litanasa kwenye kasha au kuvimba likitolewa. Pembe zinazokatika wakati wa kulibeba ni dalili ya mkorogo mkavu, au kasha lisilojazwa vizuri kwenye kona. Kandamiza kona kwa vidole kabla ya kufunga kifuniko.

Matofali yanakaa kivulini, yamefunikwa nailoni, na yanamwagiwa maji kila siku kwa angalau siku 7. Hayabebeshwi uzito kabla ya siku 28. Kila tofali la kwanza la mkorogo linachorwa tarehe na alama ya kikundi, na tofali moja la kila mkorogo linawekwa majini usiku kucha. Kingo zikikwaruzika kwa ukucha asubuhi, mkorogo wote unakwenda kwenye uzio wa bustani.

Msingi na kifusi

Vipande vya zege la zamani vimepondwa na kushindiliwa chini ya jamvi (zege la sakafu) kwa tabaka za sentimita 15. Nondo zilizopinda hatuzinyooshi kwa ajili ya lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta: pale ziliponyooshwa hubaki dhaifu. Mabati ya asbesto yasivunjwe wala kukatwa. Yalowanishwe, yafungwe kwenye nailoni nzito, yawekwe kando na kifusi kingine.

Kuta za msingi ni za mawe hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji ya juu kabisa, kisha nailoni ya kuzuia unyevu. Tofali la udongo-saruji linavumilia mvua, halivumilii kukaa kwenye unyevu wakati wote.

Lenta

Kuta zimepanda bila shida ya kusimulia. Mlango na madirisha viko zaidi ya sentimita 60 kutoka kona, na upana wake ukijumlishwa hauzidi nusu ya ukuta.

Lenta ni zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo 4 za milimita 10, ringi za milimita 6 kila sentimita 15, ncha zikikunjwa nyuzi 135 kuingia ndani ya zege. Makosa mengi yako kwenye kona: fundi hukata nondo pale pale, anaanza nyingine upande wa pili, na ukuta ukitikiswa kona inafunguka. Nondo ya nje izunguke kona na ipandane na mwenzake sentimita 60 ndani ya ukuta unaofuata. Usisahau biskuti, vipande vidogo vya zege vya milimita 25 vya kuinua nondo, chini ya nondo, vinginevyo zitalala kwenye mbao na kutu itaanza mapema.

Paa

Hapa matakwa mawili yanagombana. Mvua inataka ukingo mrefu wa paa ili ukuta ukae mkavu. Upepo unataka ukingo mfupi usio na pa kuingiza mkono wake. Tumekata sentimita 45. Kibaraza kina paa lake lenyewe, halijaungwa na kenchi za nyumba, ili kikibebwa kisiondoke na paa kubwa. Paa lina miteremko minne ya nyuzi 30, kwa sababu ukuta wa pembetatu ndio huanguka kwanza.

Kila kenchi imefungwa kwa mkanda wa chuma uliomwagiwa zege ndani ya lenta, ukapita juu ya mbao na kurudi upande wa pili. Misumari pekee huchomoka. Skrubu zenye washa za mpira zinapigwa juu ya mgongo wa bati: kila mgongo kwenye kingo na kileleni, mgongo mmoja baada ya mwingine katikati.

Kinachofuata

Lipu kwenye kuta mbili zinazopigwa na mvua. Itakuwa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Lipu ya saruji kali ni ngumu kuliko tofali lenyewe, hupasuka, maji yanaingia nyuma yake, na hubanduka kwa vipande vikubwa. Kabla ya lipu, mifereji ya bati na mtaro wa kuzunguka nyumba, wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, uliopimwa kwa mpira wa maji.