Siku moja Tanga: kioo chenye titani, jua, na maji yenye dawa

Leo tunajaribu kama titani dioksidi ikipigwa na jua huvunja dawa iliyomo majini.

Saa 1:00 asubuhi. Tunaanza na vioo: vipande vya kioo cha dirisha vilivyokwanguliwa kwa msasa, vikapakwa titani dioksidi (gramu 5 kwa mililita 100 za spiriti), kisha vikachomwa tanurini kwa nyuzi 450, saa nzima. Tunabandika solatepu na kuivuta ghafla. Ikitoka na unga mweupe, kioo hicho hakitumiki; unga ukiingia majini, spektrofotomita (kifaa kinachopima dawa kwa mwanga inaoufyonza) itasoma uongo. Kosa huwa ni kupaka tabaka nene mara moja. Matatu membamba hushika zaidi.

Saa 2:00. Parasetamoli safi, miligramu 10 kwa lita. Mitoni huwa kidogo mno kuliko hapo, ila kifaa chetu hakioni kiasi hicho. Mabeseni matatu: mawili yenye vioo vilivyopakwa, moja la maji yaliyokenekwa na moja la maji ya kisima cha Raskazone, na la tatu lenye kioo kisichopakwa, ili tujue jua peke yake linafanya nini.

Saa 2:30. Tunayafunika dakika 30. Dawa hunata kwenye kichocheo, yaani titani dioksidi, hata gizani, na asiyesubiri atahesabu kunata kuwa ni kuvunjika.

Saa 3:00. Tunafunua. Titani hutumia miale ya urujuanimno tu, chini ya nanomita 388 hivi, sehemu ndogo sana ya nishati ya jua, kwa hiyo wingu likipita tunaandika dakika zake. Kila nusu saa, mililita 5 kwa sirinji, chupa ya kahawia, gizani.

Saa 6:00 mchana, jua la utosi. Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yanapungua kwa mvuke, dawa inabaki, na namba zinapanda kana kwamba kichocheo kimelala. Tumechora mstari kwenye beseni. Kabla ya kuchota tunajazia maji yaliyokenekwa hadi mstarini.

Saa 9:00 alasiri. Tunapima kwenye nanomita 243, mwanga ambao parasetamoli huufyonza sana. Beseni la kisima liko nyuma, kwa sababu kloridi na bikaboneti hunyakua radikali za haidroksili, yaani chembe kali zinazovunja dawa, kabla hazijaifikia. Anayetaka kusafisha maji ya pwani asipewe namba za maji yaliyokenekwa peke yake.

Tena, parasetamoli ikivunjika huzaa haidrokwinoni na benzokwinoni, na hii ya pili hufyonza mwanga karibu na hapo. Sampuli za mwanzo na za mwisho tunazitenga kwa ajili ya kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali moja moja.

Saa 10:30. Vioo vinasuuzwa, vinaanikwa juani hadi kesho.