Taa ya mtiki isiyoonyesha waya

Mtu akiishika taa ya mbao, hawezi kujizuia: ataipindua aone waya umepita wapi. Hapo ndipo ninapomjua fundi.

Wengi huchonga nguzo kwanza, ikishapendeza ndipo wanafikiria umeme. Matokeo yake waya unashuka mgongoni mwa taa, umebanwa kwa vibanio vya plastiki, na mti mzuri umeharibika. Mimi naanza na njia ya waya.

Nguzo ndefu siitoboi kwa keekee, maana ncha hufuata nyuzi za mti na kutokea ubavuni. Nachukua ubao wa mtiki, huu wa msitu wa kupandwa wa Longuza kule Muheza, naupasua katikati kwa urefu. Kila nusu naichimba mfereji wa upana wa milimita 10 na kina cha 5, kisha nazirudisha nusu mbili zilivyokuwa. Kwa kuwa ni ubao mmoja, mistari ya mti inalandana na maungio hayaonekani kirahisi. Mtiki una mafuta yake, kwa hiyo naufuta kwa thina kabla ya gundi, la sivyo haishiki vizuri.

Gundi ikikamuliwa na klempu, vile vyuma vya kubania mbao, huingia mferejini na kuziba njia. Kwa hiyo natanguliza kamba nene niliyoisugua kwa mshumaa, na wakati gundi bado mbichi naivuta mbele na nyuma mpaka itembee bila kukwama. Naiacha humohumo. Siku ya kuweka umeme, nafunga waya kwenye ncha yake na kuuvuta kutoka chini hadi juu kwenye holda, pale balbu inapofungwa.

Chini ya kitako nachimba shimo pana. Hapo kinakaa kibano kinachoushika waya, ili mtoto akiuvuta, nguvu isifike kwenye skrubu za holda. Nafunika kwa plaiwudi nyembamba na skrubu tatu. Siweki gundi hapo kamwe! Waya hukatika, holda huungua, na fundi atakayekuja baadaye asilazimike kuvunja taa ya watu ndiyo aitengeneze.

Swichi siifichi. Naiweka kwenye waya, mahali mkono unaifikia usiku kutoka kitandani.

Na kwa sababu holda zangu ni za shaba, natumia waya wa nyuzi tatu: kahawia ya moto, bluu ya nyutro, na ile ya kijani na njano ya ethi, inayopeleka ardhini umeme uliovuja, inafungwa kwenye mwili wa holda. Umeme wetu ni volti 230, na chuma kilichojificha ndani ya mbao kinaua kama kilicho nje. Kwenye plagi natoa fyuzi ya ampea 13 na kuweka ya 3, inatosha kabisa kwa balbu ya LED. Kabla ya kufunga plaiwudi, taa ikiwa haijachomekwa, naweka mita ya umeme, ile inayolia njia ikiwa imeungana, kati ya pini ya ethi na shaba ya holda. Isipolia, sifungi.